Kalamu Nyekundu na Neno la Bamvua

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Handeni na Korogwe kwa miaka 31, na kwa muda wote huo sikukosa kalamu nyekundu katika mfuko wa shati. Nilipostaafu na kuhamia Tanga mjini nilikuja nayo, na ndiyo niliyoishika siku wenzangu waliponichagua kuwa mhariri wa kikundi chetu cha waandishi. Waliniambia kwamba kwa kuwa mimi ni mwalimu, kazi zote zipitie kwangu kabla ya kusomwa mbele za watu. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo mweupe, nikiamini kwamba ninaifahamu. Ninayoyasimulia hapa ni yale niliyojifunza baadaye, na mengi nilijifunza kwa kumwumiza mtu ambaye hakustahili kuumizwa.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2021 katika baraza ya nyumba moja ya Ngamiani, tukikutana kila Jumamosi baada ya alasiri. Wa kwanza walikuwa watano, kisha tukafika kumi na wanane. Sitawataja kwa majina kwa sababu sikuwaomba ruhusa, lakini inafaa msomaji ajue walikuwa watu wa namna gani. Alikuwamo mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, malenga wa vina na mizani tangu ujana wake, ambaye kwa heshima tulimwita Babu. Alikuwamo binti wa Bukoba aliyekuwa akisomea uuguzi, kijana wa bodaboda aliyeandika hadithi zake kwenye simu akisubiri abiria, bibi aliyekuwa akitunga nyimbo za taarabu katika miaka ile ambayo Black Star na Lucky Star ziliifanya Tanga ijulikane pwani nzima, karani mstaafu wa shamba la mkonge, fundi cherehani mwenye asili ya Kigoma, na mama mmoja anayeishi kwa kuokota pweza miambani upande wa kusini mwa jiji. Mimi mwenyewe ni Mgogo wa Mpwapwa. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 24.

Mchanganyiko wa namna hii si jambo geni Tanga. Reli, bandari na mkonge vilileta watu wa kila kabila kwa zaidi ya miaka mia moja, na watu hao wakaoana na Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa waliowakuta. Hata Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na ambaye kila mwandishi wa hapa humtaja kama mtu anavyomtaja babu yake, ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao. Babu alipenda kutukumbusha hilo kila mgeni alipoingia barazani na kuanza kuomba radhi kwa Kiswahili chake. Alimwambia akae kwanza, asome, na radhi aziache nje pamoja na viatu.

Mama wa pweza alikuja akiwa na daftari moja la mistari mipana, la wanafunzi wa darasa la kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jumamosi tatu za mwanzo alisikiliza tu, na ya nne akanipa daftari lile mkononi, akaniambia, "Mwalimu, nitazamie." Nyumbani nilikuta shairi la beti tano, kila ubeti mishororo minne, mwandiko wa kukaza kalamu mpaka karatasi imetoboka mahali pengine. Kibwagizo chake kilisema:

Maji mafu huniua, njaa yagonga mlango.

Niliusoma mshororo huo mara mbili, nikaamua kwamba mama ameruka silabi. Sikuwa nimewahi kusikia maji yakiitwa mafu. Kwa mtu wa Mpwapwa, maji huwapo au hayapo, huwa safi au machafu. Kwa hiyo nilikata neno "mafu" kwa wino mwekundu, juu yake nikaandika "machafu," na nikafanya hivyo mara tano, mwisho wa kila ubeti. Pembeni niliandika pongezi, nikasema kwamba shairi hili linaelimisha jamii kuhusu kipindupindu. Jumamosi iliyofuata Babu hakuwapo, alikuwa msibani Pangani. Nilisimama nikalisoma shairi hilo kwa sauti, likiwa limesahihishwa, na watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, mikono imefumbata magoti, macho yako chini. Nilidhani ni haya ya mtu anayesifiwa hadharani. Alichukua daftari lake akaaga, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Babu ndiye aliyenifumbua macho. Alirudi msibani, akaomba asomewe yaliyosomwa wakati hayupo, na kwa bahati binti wa Bukoba alikuwa amelipiga picha lile daftari kwa simu. Babu ana desturi ya kusikiliza shairi huku mikono yake ikiwa juu ya mapaja, akikunja kidole kimoja kwa kila mizani. Vidole ni vinane, gumba hazihesabiwi, na kipande cha shairi la tarbia kina mizani nane. Kibwagizo kilipofika kwenye "maji machafu huniua," vidole vilimwishia kabla ya maneno. Akauliza nani ameongeza silabi. Nikajibu kwamba nimesahihisha. Akaniuliza nimesahihisha nini, na nilipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole ambao uliniumiza kuliko ukali, "Mwalimu, nenda ukamwombe huyo mama akuonyeshe maji mafu. Mimi nikikueleza hapa utaelewa kwa masikio tu."

Nilikwenda. Nilimkuta kwake asubuhi akijitayarisha kushuka pwani, akaniamkia kama kawaida, nikaitikia, nikakaa kwenye kigoda na kumwambia kwamba nimekuja kuomba radhi na kufundishwa. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Sasa Mwalimu, maji machafu uliyaona wapi kwenye shairi langu?" Kisha akaniambia nivue viatu nimfuate, kwa sababu siku ile ilikuwa ya bamvua na maji hayamsubiri mtu.

Ilikuwa kama saa nne. Bahari ilikuwa imerudi nyuma kiasi ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote niliyoishi Tanga mjini, mwamba umetokeza mweusi, umejaa mwani na vidimbwi, na wanawake kumi au zaidi wametawanyika juu yake wameinama, kila mmoja na fimbo na kikapu. Mama alitembea akitazama chini, akaniambia nitafute mahali ambapo makombe na vijiwe vimerundikana mlangoni mwa tundu, kwa kuwa pweza hula ndani na kutupa makombe nje. Nilitazama tundu mbili nisione kitu. Ya tatu aliingiza fimbo taratibu, na kile nilichodhani ni jiwe lenye mwani kikabadilika rangi mbele ya macho yangu, kikawa cha kahawia, kikawa cheupe, mikono ikaizunguka fimbo. Alimvuta, akampiga juu ya mwamba, akamtia kikapuni, akaendelea kutembea kana kwamba hakuna lililotokea.

Tukiwa pale ndipo aliponieleza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kukauka sana, na hiyo ndiyo bamvua, riziki yake. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayajai sana wala hayakauki sana, mwamba hauonekani, na siku hizo yeye hukaa nyumbani akihesabu. Hayo ndiyo maji mafu. Huja mara mbili kila mwezi, hayakosi. Mumewe alimwondokea katika siku za maji mafu, mwanawe wa pili aliacha shule katika siku hizo kwa kukosa mchango uliotakiwa, na ndiyo sababu kila ubeti wake, hata ule wa furaha, unaishia pale pale. Mimi nilikuwa nimemwondolea shairi zima kwa neno moja, nikampa kipindupindu badala yake, na watu wakapiga makofi.

Ubeti wake wa kwanza, kama alivyouandika mwenyewe na kwa ruhusa yake, ni huu:

Yakifika ya bamvua, mwamba hutoa mgongo,
Nami fimbo nachukua, nashuka bila maringo,
Tundu lake nalijua, ajifiche kwa udongo,
Maji mafu huniua, njaa yagonga mlango.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na mimi nilisimama mbele ya wenzangu nikasema nilichokifanya na nilichokiona mwambani. Niliweka utaratibu mmoja kwa upande wangu, ambao baadaye kikundi kizima kiliufuata: kabla ya mtu kugusa neno la mwenzake, amwulize kwanza neno hilo lina maana gani kwao. Si kwamba makosa hayapo. Yapo, na mwandishi anayefichiwa kosa lake hatendewi haki. Lakini katika kikundi ambacho mmoja amekulia baharini, mwingine shambani, mwingine stendi, hakuna mtu mmoja anayekijua Kiswahili chote. Mwalimu anaweza kuwa na kamusi mbili mezani na bado akawa mgeni kwenye neno ambalo mtoto wa mvuvi analijua tangu akiwa na miaka mitano.

Fundi cherehani ndiye aliyefuata kutujaribu. Aliandika simulizi ya babu yake, aliyetoka Kasulu kuja kukata mkonge wakati SILABU, ile ofisi ya kukusanya vibarua iliyoanzishwa mwaka 1944, ilipokuwa ikileta watu kwa treni na malori. Alianza na miche ya mkonge yenyewe: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Fundi aliandika kwamba mashamba yote ya Tanga ni watoto wa wale 62, na ukoo wake nao ni watoto wa waliofika hai, kwa kuwa ndugu wa babu yake aliyeondoka naye Kasulu hakumaliza mkataba wake wa kwanza. Katika simulizi nzima alimwita babu yake "manamba."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshainuka ili nimshauri aandike "kibarua," kwa sababu shuleni tulilikwepa neno hilo kama tusi, na kwa kweli watu wengi wa hapa walilitumia hivyo. Nilikumbuka mwamba, nikauliza badala ya kushauri. Akajibu kwamba babu yake alipewa namba siku ya kuandikishwa, namba hiyo ndiyo iliyoitwa kila alfajiri, na kwa miaka mingi hakuna mtu shambani aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Akiandika "kibarua," namba inapotea, na namba ndiyo simulizi.

Baraza lilikuwa kimya. Kisha karani mstaafu, mama wa makamo ambaye kwa kawaida ndiye aliyetuandalia chai, akasema kwamba baba yake alikuwa mnyapara. Hakusema kwa kujitetea wala kwa kujivuna. Alisema kwamba alikulia kambini, katika nyumba ya bati wakati wengine wakiwa kwenye nyumba za makuti, na kwamba kila alfajiri aliamshwa na sauti ya kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, na mgongaji alikuwa baba yake. Fundi hakumjibu. Aliendelea kusoma mpaka mwisho, sauti ikitetemeka kidogo.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikihofia kwamba tumevunjika. Wiki mbili baadaye fundi alileta nakala mpya, na katika ukurasa wa tatu kulikuwa na kipande cha reli kinachogongwa alfajiri, na msichana mdogo katika nyumba ya bati anayefungua macho gizani. Karani aliposikia sehemu hiyo alifunika uso kwa kanga. Sijui kama watu hao wawili wamewahi kuzungumza kwa kirefu juu ya wazee wao, na sikuwahi kuwauliza. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo fundi huketi karibu na birika, na yeye ndiye anayembebea karani vikombe.

Ugomvi wa vina ulikuwa mwepesi zaidi, ingawa ulikuwa na kelele nyingi. Binti wa Bukoba aliandika ushairi usio na vina wala mizani, na Babu hakuukubali. Mabishano hayo yaliwahi kuwagawa wataalamu wa Kiswahili miaka ya 1970, na barazani kwetu yalifufuka kana kwamba hayajawahi kulala. Kijana wa bodaboda alimuunga mkono binti, bibi wa taarabu alikuwa upande wa Babu bila kurudi nyuma. Niliyoyathamini ni maneno ya Babu mwenyewe baada ya binti kusoma utungo kuhusu zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Alisema, "Mjukuu wangu, hili silo shairi. Lakini lisome tena." Akalisoma. Akamwambia alisome mara ya tatu. Hakulibadilishia jina wala hakulidharau, na binti hakudai libadilishiwe. Badala yake alimwomba Babu amfundishe kuhesabu mizani kwa vidole, na kwa zaidi ya mwezi mmoja walikuwa wakifika mapema kabla yetu, wamekaa wakielekeana, vidole vinane vikikunjwa na kukunjuliwa, yeye akiendelea kuandika utungo wake usio na mizani na Babu akiendelea kuuita silo shairi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 tuliamua kuchapa kitabu. Tulitaka kiwe tayari ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ili tukisome hadharani. Kila mmoja alichanga alichoweza, na waliokuwa na zaidi wakawalipia waliokosa bila majina kusomwa. Tulibishana juu ya nani atangulie, tukaishia kufuata alfabeti. Nakala zilikuwa 200. Mchapaji alituletea kurasa za kusahihisha kwa haraka, akataka azirudishiwe kesho yake, nami nikakubali kuzisoma peke yangu usiku mmoja. Wenzangu walikuwa na kazi, na nilijiona ninatosha. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ninaona lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu safari hii nilikuwa nimekwisha kujua.

Vitabu vilifika Jumamosi ya tarehe 1 Julai. Tulifungua boksi la kwanza kwa furaha kubwa, harufu ya wino ikajaa barazani, kila mtu akitafuta ukurasa wake. Mama wa pweza alikuwa bado hajafika. Binti wa Bukoba alifungua shairi la mama huyo akalisoma kwa sauti ili kumpa Babu burudani, naye Babu akaweka mikono mapajani, macho yamefumba. "Yakifika ya mvua, mwamba hutoa mgongo..." Vidole vya Babu vilikunjwa saba. Cha nane kikabaki wima. Alifumbua macho, akakitazama kidole kile, akamwambia binti arudie. Akarudia, akahesabu na yeye kwa vidole vyake, na kidole chake cha mwisho nacho kikabaki wima.

Aliyepanga maandishi alikuwa ameona kompyuta imechora mstari mwekundu chini ya neno asilolijua, akaondoa silabi moja, na bamvua ikawa mvua. Katika shairi zima neno hilo lilitokea mara tatu, na mara zote tatu lilikuwa limekatwa. Mimi nilikuwa nimezipitia kurasa zile usiku ule, macho yangu yakaona mvua, neno zuri la Kiswahili sanifu, yakapita. Kumbukumbu ya mwamba, ya pweza na ya daftari lile haikunisaidia. Kilichotusaidia ni kidole cha mzee aliyefumba macho.

Wengine walitaka vitabu virudishwe. Mchapaji alisema kwa simu kwamba kurudia ni kulipa upya, nasi hatukuwa na fedha hiyo. Wengine walisema tuviache, kwani ni herufi mbili tu na watu wataelewa. Tukiwa bado tunabishana, mama alifika, saa tisa na robo, akitoka kuuza. Siku mbili zilikuwa zimebaki mwezi uwe mpevu, maji yalikauka vizuri asubuhi ile, na vidole vyake vilikuwa na michubuko mipya ya mwamba. Nilimweleza mwenyewe, sikumwachia mtu mwingine. Alichukua kitabu, akausoma ukurasa wake polepole akifuata kwa kidole, akarudi tena juu. Kisha akanyoosha mkono kwangu akaniambia, "Mwalimu, niazime kalamu."

Nilikuwa na ile nyekundu tu mfukoni. Karani alikimbia ndani akaleta nyeusi. Mama alikaa katikati ya mkeka, tukamzunguka, fundi akifungua kila kitabu kwenye ukurasa unaotakiwa na kumsogezea, kijana wa bodaboda akipepea wino ukauke, binti akisoma mstari uliokwisha kurekebishwa na Babu akihesabu. Mbele ya kila "mvua" mama aliandika "ba," kwa mwandiko ule ule wa kukaza, mara tatu katika kila nakala, nakala mia mbili. Mara mbili nilimwomba apumzike nimpokee. Alitikisa kichwa, akasogeza kitabu kingine. Ilipoadhiniwa magharibi alikuwa amefika nakala ya 140, na bibi wa taarabu akaenda kuwasha taa.